Amri ya Mkate

Taa nyekundu ya studio ilikuwa inawaka, tarishi wa mahakama alikuwa amesimama mlangoni na bahasha mkononi, na neno lilikuwa limeshamtoka Chiriku. Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, na wapo walioniandikia kunilaumu kwamba nimewanyima usingizi. Poleni. Chiriku mwenyewe hakulala pia.

Kwa aliyeazima gazeti la jirani leo kwa mara ya kwanza, neno lenyewe ni mkato. Hiyo alama ndogo ya kupumzika katikati ya sentensi. Mahakama ilikuwa imemkataza Chiriku kulitamka mpaka kesi yake iishe, naye alikuwa amelitamka hewani, mji mzima unasikiliza, saa mbili kasoro dakika tano asubuhi.

Wala hakulitamka kwa ubishi. Alikuwa anasoma habari za barabara. Daraja la reli limefungwa kwa matengenezo, alisema, kwa hiyo madereva wanashauriwa kupitia nyuma ya kiwanda cha sabuni, ambayo ndiyo njia ya mkato.

Kisha akasikia alichosema.

Tarishi alingoja wimbo uanze, akaingia kwa kunyata, akamsainisha. Bahasha yake haikuwa na makubwa, wito wa kawaida tu wa kesi ya wiki ijayo. Alikuwa mtu mpole, na alikiri kwamba humsikiliza Chiriku kila siku anaponyoa ndevu. Yeye hakusikia kitu, alisema, masikio yake asubuhi huwa mazito. Ila wakili wa Mfalme, yule mwimbaji aliyemshtaki Chiriku, ana mtu anayerekodi kila neno linalomtoka Chiriku, hata akipiga chafya.

Tarishi hakukosea. Saa nne simu ikalia. Alikuwa shemeji yake Chiriku, mume wa dada yake, ambaye ndiye wakili wake pia. Shemeji huyu maisha yake yote amesimamia kesi za mipaka ya mashamba, na hii aliichukua kwa sababu mkewe alimwambia aichukue.

"Shemeji, tumekwisha," alisema. "Wameomba ufungwe siku thelathini kwa kudharau mahakama. Tunasikilizwa leo saa nane."

Siku thelathini zilikuwa nusu tu ya balaa. Akipatikana na hatia, utetezi wake katika kesi kubwa unatupwa, Mfalme anashinda bila kutoa jasho, na Chiriku hataruhusiwa kuiga sauti ya Mfalme tena mpaka anaingia kaburini. Kipindi kinakufa. Kazi inakufa. Na ile sauti ndiyo kitu pekee ambacho Chiriku alijua kukifanya kuliko mtu mwingine yeyote.

Sasa tumkumbuke Mfalme mwenyewe. Ni mwimbaji ambaye hamalizi wimbo bila kunyoosha mkono juu na kusema "Nuktaaa", umati ukalipuka. Nukta hiyo imechapwa kwenye fulana zake, kofia zake na ubavuni mwa gari lake. Miwani myeusi haivui, hata kwenye picha. Na ameshaaga jukwaa mara tatu. Mara tatu ameandaa onyesho la kwaheri, akalia, watu wakalia, akasema nukta ya mwisho kabisa. Mara tatu amerudi.

Ndipo Chiriku alipopata dakika zake tatu za redioni. Aliishusha sauti mpaka ikawa ya Mfalme, na ule mvuto wa pumzi kabla ya kila mstari, akawa anaimba mambo madogo kwa ukuu wa ajabu: namna ya kuyeyusha barafu kwenye friji, namna ya kutafuta soksi ya pili. Kila alipofika mwisho, badala ya nukta alisema "Mkatooo", akaanza upya. Mfalme wake alikuwa hawezi kumaliza.

Miezi miwili baadaye Mfalme wa kweli alisimama jukwaani, akanyoosha mkono, akasema nukta yake. Ukumbi mzima ukamjibu mkato. Alishuka bila kumaliza wimbo, na kesho yake alikuwa ofisini kwa wakili.

Saa saba na nusu Chiriku alikuwa kwenye benchi la ukumbini mahakamani. Upande mmoja alikaa Shemeji, anapekua mafaili. Upande wa pili alikaa Shangazi, mgongo umenyooka, mkoba mapajani.

Shangazi ndiye aliyemlea. Alifundisha Kiswahili shule ya msingi miaka thelathini na minne, na kustaafu hakukumbadilisha kitu. Mkobani mwake ilikuwamo kalamu nyekundu, kama wengine wanavyotembea na dawa ya kichwa. Na alipokasirika, alizungumza kama anayesomea darasa imla: ingia ndani, mkato, osha vyombo, mkato, kalale, nukta. Shemeji alikuwa amemwandika kuwa shahidi wa kesi kubwa, aje kuieleza mahakama tofauti ya nukta na mkato, kwa kuwa wakili wa Mfalme alishikilia kwamba alama zote ni sawa na Chiriku ameiba tu.

"Ukifika mbele ya hakimu, uombe radhi," Shangazi alimwambia. "Nilikulea hivyo."

"Asiombe," Shemeji alisema bila kuinua kichwa.

"Kuomba radhi hakujamuua mtu."

"Leo kutamuua huyu, Shangazi. Niachie mimi."

Shangazi aliomba apewe ile amri ya mahakama aisome, maana hakuwa na gazeti. Shemeji akampa nakala, akaendelea kupekua. Chiriku ndiye aliyeona kwanza kwamba Shangazi hasomi, anasahihisha. Kalamu nyekundu ilikuwa imeshatoka na inashuka ukurasa mzima, inazungushia herufi, inakata maneno, inaandika pembeni.

Shemeji alipogeuka, nusura aanguke benchini. Alinong'ona kwamba ile ni hati ya mahakama.

"Na ni mbaya," Shangazi alisema. "Sentensi moja ina mistari kumi na mmoja. Nimempa sita kati ya kumi, na hapo nimemhurumia. Halafu hili neno hapa wamelikosea kabisa."

Shemeji alitazama mahali kidole kilipoelekeza. Alikuwa ameisoma ile amri mara nne. Chiriku aliisoma mara mbili, na meneja wa redio akaibandika ukutani studio. Wote walisoma walichotarajia kukiona. Shangazi peke yake ndiye aliyesoma herufi zilizokuwapo.

Amri ilimkataza mlalamikiwa kutamka, kuimba au kusambaza, popote pale na kwa namna yoyote ile, neno MKATE.

Shemeji alifunga faili taratibu, akatabasamu. Chiriku hakuwahi kumwona akitabasamu akiwa amevaa tai.

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo, feni moja, madirisha mawili yasiyofunguka. Hakimu alikuwa mtu mfupi mwenye uso mkavu, wa wale ambao hujui kama wamekasirika au ndivyo walivyozaliwa. Na safu ya mbele, kwa mara ya kwanza tangu kesi ianze, alikaa Mfalme mwenyewe na miwani yake. Kumbe alikuja kumwona Chiriku akifungwa.

Shemeji alisimama, akamkabidhi hakimu nakala yake na kumwomba asome neno lililokatazwa, herufi kwa herufi. Hakimu alisoma. Akasoma tena. Akachukua nakala ya kwenye jalada lake, na humo pia akakuta mkate. Akamgeukia karani aliyeichapa, naye karani, macho chini, akajitetea kwamba siku ile alichapa kabla ya kupata kifungua kinywa.

Watu walicheka. Hakimu alingoja wamalize. Kisha akainua nakala ya Shemeji na kuuliza rangi nyekundu ile ni ya nani, na sita kati ya kumi ni ya nini. Shemeji alisema ni ya shahidi wake. Hakimu alisema hilo atalirudia, na Shangazi akatazama mbele kama asiyehusika.

Chiriku alianza kupumua. Amri ya mkato haikuwapo, basi kosa la mkato halikuwapo. Kweli kabisa. Lakini msomaji wangu ukidhani wakili wa Mfalme alikwenda nyumbani, humjui.

Alisimama akitabasamu. Alikuwa na sauti laini, na alizungumza polepole kama mtu anayempaka mtoto mafuta. Alikubali kwamba amri ni ile iliyoandikwa. Akaomba kumuuliza mlalamikiwa jambo moja tu, chini ya kiapo. Chiriku akapanda kizimbani, akaapa.

"Tangu amri hii itoke ni siku tisa," wakili alisema. "Katika siku hizo, umeshalitamka neno mkate?"

Shemeji akafumba macho.

Chiriku alifikiria kusema uongo, na hapo hapo akakutana na macho ya Shangazi. "Kila asubuhi," akasema.

"Unamwambia nani?"

"Mwenye duka."

"Unamwambia nini hasa?"

"Naomba mkate."

"Mara tisa dukani, Mheshimiwa," wakili alimwambia hakimu kwa upole, "na ya kumi hapa hapa mbele yako."

Safari hii chumba kilicheka mpaka tarishi wa masikio mazito akalazimika kutoka nje. Chiriku hakucheka. Aliona jinsi alivyobanwa huku na huku. Kama amri ni mkato, alikosea mara moja, kwenye habari za barabara. Kama amri ni mkate, alikosea mara kumi.

Hakimu alikuna kidevu. Alisema hana hamu ya kumfunga mtu kwa sababu ya mkate, lakini pia hatakubali amri ya mahakama igeuzwe mchezo. Akauliza kama pande mbili zinaweza kuelewana.

Wakili wa Mfalme alikuwa anangoja hilo. Mteja wake si mtu wa kisasi, alisema. Hataki kumwona binti wa watu jela. Anataka sentensi moja tu. Binti aseme hapo kizimbani kwamba alimwiga Mfalme kwa heshima na mapenzi, bila dhihaka yoyote. Akisema hivyo, ombi la leo linaondolewa, na kila mtu arudi kwake.

Meneja wa redio, aliyekaa nyuma, alitikisa kichwa kukubali mpaka kola ikamkaba. Shangazi naye aliinamisha kichwa kidogo. Hivyo ndivyo alivyomlea. Ukimuumiza mtu mzima, unamwambia hukukusudia.

Na Chiriku alitaka kusema. Sentensi yenyewe ilikuwa nyepesi, na nusu yake ilikuwa kweli. Alimpenda Mfalme tangu akiwa msichana wa shule. Alizijua nyimbo zake zote, hata zile mbaya.

Shemeji aliomba dakika moja. Alikwenda kizimbani akamwinamia sikioni.

"Usilitaje neno heshima, nakusihi," alinong'ona. "Sheria inamlinda anayemdhihaki mtu ili aseme jambo juu yake. Anayeiga ili kupendeza tu haimlindi, huyo amenakili mali ya mwenzake. Ukisema hukumdhihaki, leo unakwenda nyumbani, na wiki ijayo wanakusomea maneno yako mwenyewe na kesi inaisha."

"Na nikisema nilimdhihaki?"

"Leo unaweza kulala jela," Shemeji alisema. Alirudi kukaa, na tai yake ilikuwa imekwenda upande.

Hakimu alimtazama Chiriku. "Tunakusikiliza."

Chiriku hakumtazama Shangazi, maana alijua akimtazama ataomba radhi.

"Nilimdhihaki, Mheshimiwa," alisema.

Wakili wa sauti laini akaacha kutabasamu.

"Siku alipotuaga mara ya kwanza nililia mpaka macho yakavimba," Chiriku aliendelea. "Mara ya pili nililia pia, kidogo. Mara ya tatu nilicheka. Niliona aibu kwamba nacheka, na usiku huo nikaandika wimbo wa friji. Kuagwa na mtu unayempenda kunauma, na yeye anatuaga kama anayejaribu viatu. Sikuwa na njia nyingine ya kumwambia. Nukta ni yake, anaisema kila siku na haimalizi kitu. Mimi niliweka mkato kwa sababu ndio ukweli."

Alikuwa amesema, na lolote lililokuja lingemkuta amesema.

Safu ya mbele Mfalme alikuwa amejiinamia. Kisha, bila kusimama na bila ruhusa, akasema kwa sauti iliyosikika kila kona kwamba huyu binti anajua nini, kwamba hakuna ajuaye uchungu wa kushuka jukwaani isipokuwa aliyewahi kupanda.

Hakimu alifungua mdomo kumkanya. Hakuwahi.

"Wewe, mkato," ilisema sauti kutoka upande wa mashahidi, "vua miwani unapozungumza na watu, mkato, halafu usimame wima, nuktaaa."

Chumba kizima kiliganda. Si kwa sababu shahidi alikuwa ameropoka mahakamani, ingawa alikuwa ameropoka. Ni ile nukta. Ilikuwa nukta ya Mfalme. Mvuto ule ule, mteremko ule ule mwishoni, na mkono wa Shangazi, wenye kalamu nyekundu, ulikuwa umenyooshwa juu vile vile kama kwenye fulana zote mjini.

Chiriku aliushika ukingo wa kizimba. Miaka yote alidhani anaiga redio. Kumbe sauti yenyewe ilikuwa ya Shangazi, alilala nayo na kuamka nayo tangu utotoni, mezani, jikoni, mlangoni. Hakuwahi kuziweka mbili hizo pamoja, kama ambavyo hakuna aliyeona mkate.

Lakini hilo halikuwa la kushangaza kuliko yote. La kushangaza ni kwamba Mfalme alikuwa amesimama. Miwani ilikuwa mkononi, mikono ilikuwa nyuma, visigino vimegusana. Bila miwani alikuwa na macho madogo ya mtu wa kawaida, yenye mikunjo pembeni.

"Shikamoo, mwalimu," alisema.

Shangazi alimkazia macho. Aliyapita mapambo, aliipita mikunjo, akawa anatafuta huko nyuma.

"Marahaba," alisema mwishowe. "Kumbe ni wewe, Kifutio."

Kifutio, akamweleza hakimu ambaye hakuwa ameuliza, alikaa dawati la tatu dirishani. Alikuwa anafuta kila sentensi na kuianza upya mpaka karatasi inatoboka. Hakuwahi kumaliza imla hata moja. Ila mwalimu akitoka darasani tu, huyo alipanda mezani na kuisoma imla nzima kwa sauti ya mwalimu, na nukta zake zote, darasa likavunjika mbavu. Mwalimu alijuaje? Alikuwa anasimama nje ya dirisha kumsikiliza.

Wakili wa sauti laini alikuwa ameanza kukusanya karatasi zake, haraka kidogo kuliko kawaida. Hakimu alimwomba aziache. Akafungua hati ya madai, akatafuta aya ya nne, akaisoma kwa sauti. Mlalamikaji, ilisema, anaapa kwamba nukta, kwa neno, kwa sauti na kwa ishara ya mkono, aliibuni mwenyewe kutoka kichwani mwake, bila kumwiga mtu yeyote aliye hai au aliyekufa.

"Mwalimu yuko hai," hakimu alisema. Uso wake ulikuwa mkavu vile vile, ila Chiriku, ambaye kazi yake ni kusikiliza sauti za watu, alisikia kitu kidogo kinacheza ndani ya ile sauti. "Suala la mkate nitalirudia, na la kalamu nyekundu pia. Kwanza, mlalamikaji, njoo kizimbani. Nina swali moja, na ni lile lile aliloulizwa binti huyu."

Chiriku alishuka, Mfalme akapanda. Walipopishana kwenye kile kingazi chembamba hawakutazamana, lakini alimsikia anavyohema. Shemeji alikuwa ameacha kupepesa macho.

"Ulipomwiga mwalimu wako," hakimu aliuliza, "ulikuwa unamheshimu au ulikuwa unamdhihaki?"

Akisema alimheshimu, basi alinakili tu, na nukta si yake. Akisema alimdhihaki, basi ndiye mtu ambaye sheria ile ile inamlinda, na Chiriku anakwenda nyumbani na sauti yake. Mfalme alimtazama wakili wake, wakili akatazama feni. Akamtazama Chiriku. Mwisho akamtazama mwalimu, na pale kizimbani hakuonekana tena mtu wa kwenye fulana, alionekana mtu aliyeshikwa amepanda juu ya meza.

Shangazi alifungua kalamu yake nyekundu, akaiweka tayari.

Mfalme akavuta pumzi, kama anavyofanya kabla ya kila mstari, akafungua mdomo, na mimi, kwa kuwa hakuna mahakama iliyonikataza, naweka hapa mkato,